Datsun 240Z imenikosesha raha ndani ya wiki tatu: je, nimeuziwa mbuzi kwenye gunia?

Swali: Shikamoo mzee. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, nafanya kazi Nairobi. Wiki tatu zilizopita nilinunua Datsun 240Z ya mwaka 1972 kwa familia moja huko nyumbani. Marehemu baba yao aliliegesha chini ya mkungu uani, na kwa miaka mingi wanawe walikuwa wakiliwasha mara mojamoja tu. Nililipandisha Nairobi juu ya lori. Tangu hapo sina raha. Halivuti nilivyotarajia. Ndani kunanuka moshi na petroli, na mke wangu amegoma kulipanda. Nikisimama kwenye taa za barabarani, sindano ya presha ya oili inalala. Nikilizima mchana nikarudi baada ya dakika kumi, haliwaki. Usiku nikiwasha taa kubwa, swichi inapata joto. Fundi mmoja amepima injini akasema imechoka, tuitoe tuweke ya Toyota. Mwingine anasema petroli ya siku hizi isiyo na risasi ndiyo inayoiua. Kinachonipa moyo ni kimoja tu: bodi limepigwa rangi upya na halina kutu. Nianzie wapi? Na Desemba naweza kwenda nalo nyumbani?

Jibu: Marahaba, mwanangu, na hongera. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza niliisoma kama fundi. Mara ya pili niliisoma kama yule mtoto wa miaka 11 aliyekaa juu ya jiwe kando ya barabara ya vumbi, Pasaka ya mwaka 1973, akingoja magari ya Safari Rally. Mwaka ule Shekhar Mehta na Lofty Drews walishinda kwa 240Z. Walimaliza wakiwa sawa kwa pointi na Harry Källström aliyekuwa na Datsun nyingine, ikabidi itazamwe nani alikwenda mbali zaidi bila adhabu. Miaka miwili nyuma, 1971, Edgar Herrmann na Hans Schüller walikuwa wameshinda kwa 240Z pia, Mehta akiwafuata wa pili. Nakukumbusha haya ili ujue kwamba ulichonunua hakihitaji kubebwa kama yai.

Kwa nilivyosoma, hukuuziwa mbuzi kwenye gunia. Ila hofu yako umeielekeza pasipo. Umenitajia mabaya sita. Manne yana maelezo ya kawaida na mawili ni ya hatari, lakini yanatibika kwa pesa za kawaida. Lile moja unalolishukuru, rangi mpya, ndilo lililonifanya nikae sawa kwenye kiti.

Tuanze na mkeo, kwa sababu ana haki. Moshi wa eksozi una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Unachonusa wewe ni wenzake tu. Mmoja wenu akianza kuumwa kichwa au kusinzia safarini, simameni mteremke. Gari hili lina mkia uliokatwa wima na mlango mkubwa unaofunguka juu. Likikimbia, hewa nyuma yake hujikunja na kuurudisha moshi pale mlangoni. Ukishusha kioo cha pembeni nusu ndiyo unazidi kuuvuta moshi ndani. Wengi hudhani wanapitisha upepo, kumbe wanamkaribisha mgeni mbaya. Mpaka uzibe, endesha vioo vikiwa vimefungwa na matundu ya hewa ya mbele yakiwa wazi, na safari ziwe fupi.

Kutafuta tundu hakuhitaji mashine. Usiku, mwombe mtu alale sehemu ya mizigo na tochi kali, umfungie, kisha wewe uzunguke nje. Kila penye uzi wa mwanga, moshi nao unapita. Mara nyingi utauona kwenye mpira wa mlango wa nyuma, kwenye gasketi za taa za nyuma, na kwenye vizibo vya mpira vya sakafuni ambavyo vimeanguka zamani na hakuna aliyevitafuta. Usisahau mpira unaovaa mguu wa gia. Kisha lala chini ulitazame bomba lenyewe la eksozi kama lina tundu au linamalizikia mapema, kwa sababu lazima lichomoze vizuri nje ya bampa.

Harufu ya petroli ni kesi nyingine. Hiyo inatoka kwenye hosi ya kujazia mafuta na vile vihosi vya kupumulia vya tangi, vilivyofichwa nyuma ya paneli kule mkiani. Mpira wa miaka 50 ukiukunja unapasuka kama mkate mkavu. Badilisha vyote, na usisitize hosi ya petroli, maana kuna fundi atakayekufungia hosi ya maji kwa sababu ndiyo aliyo nayo dukani. Weka na kizima moto kidogo mahali mkono wako unapofika ukiwa umefunga mkanda.

La pili la hatari ni hiyo swichi ya taa inayopata joto. Kwenye 240Z umeme wote wa taa kubwa unapita ndani ya swichi ya kwenye shina la usukani, hakuna rilei ya kuipunguzia mzigo. Ilipokuwa mpya ilivumilia. Sasa ncha zake zimeliwa, na hewa ya pwani imezitia ukungu wa kijani. Nenda ukaguse kisanduku cha fyuzi pia baada ya taa kuwaka kwa robo saa. Kikiwa cha moto, vishikio vimelegea, na siku moja plastiki itayeyuka. Hata ile geji ya ampia kwenye dashibodi imefungwa katikati ya njia kuu ya umeme wa gari, kwa hiyo nati zake za nyuma zikilegea utapata joto mahali usipoona. Mpelekee fundi wa umeme wa magari. Afunge rilei mbili za taa kubwa, asafishe na kukaza kila kiungo, abadilishe kisanduku cha fyuzi kama kimeanza kuungua. Kabla ya hapo usiweke balbu kali zaidi, wala usikubali fyuzi kubwa kuliko iliyoandikwa. Ukikuta fyuzi imezungushiwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, na kwenye magari ya umri huu mimi nimezikuta mara nyingi, jua ndiyo sababu ya waya zilizobabuka.

Sasa nguvu. Injini yako ni L24, silinda 6 kwa mstari, sentimita za ujazo 2,393. Vitabu vinaipa nguvu za farasi 151. Namba hiyo ilipimwa kwa desturi ya Marekani ya zama zile, injini ikiwa juu ya stendi imevuliwa vitu vingi vinavyoila nguvu. Barabarani ni pungufu. Halafu wewe umeitoa usawa wa bahari ukaileta karibu mita 1,700 juu. Hewa ya Nairobi ni nyepesi, na injini isiyo na tabo inapoteza huku kama sehemu moja kati ya sita ya nguvu zake. Hakuna fundi anayeweza kukurudishia hiyo.

Anachoweza kukurudishia ni ile nyingine inayopotea kwenye kabureta. Gari lilirekebishwa Mombasa. Lilipofika huku, hewa ilipungua lakini petroli haikupungua kwa kiasi hicho. Ni kama chai iliyopunguzwa maji ikaachiwa sukari ileile. Toa plagi zote sita uzipange mezani kwa utaratibu wa silinda zake. Naweza kukisia utakachokiona, masizi meusi makavu. Rangi unayoitaka ni ile ya kahawa ya maziwa. Zikiwa nyeupe, hapo mchanganyiko wa hewa na petroli ni mwepesi mno, yaani petroli ni kidogo, na ndiyo hatari ya kweli.

Lakini usikimbilie kuzungusha nati ya kurekebisha mchanganyiko huo. Tazama choki kwanza. Ule mkono ulio karibu na gia unavuta waya unaoteremsha nozeli mbili chini ya kabureta. Gari likikaa muda mrefu, nozeli zinakwama chini hata ukirudisha mkono, na gari linakunywa kana kwamba ni alfajiri ya baridi siku nzima. Ingiza mkono chini ya kila kabureta uzisukume juu. Zikipanda kidogo, umempata mwizi. Kisha fungua vile vifuniko vidogo vyeusi vya juu. Ndani kuna kijiti kinachoogelea kwenye oili nyepesi. Oili hiyo ikikauka, gari husita ukikanyaga ghafla. Watu hubadilisha kabureta nzima kwa kukosa vijiko viwili vya oili.

Baada ya hayo ndipo nati ya mchanganyiko, ile iliyo chini ya kila kabureta. Mahali pa kuanzia ni kuipandisha mpaka mwisho, kisha kuiteremsha mizunguko 2 na nusu. Kwa Nairobi utahitaji kuipandisha kutoka hapo, pembe moja ya nati kwa wakati, kabureta zote mbili sawasawa. Endesha kilomita 20, toa plagi, tazama, rudia. Idadi ya pembe iandike. Utaihitaji.

Kutowaka mchana baada ya dakika kumi kunatokana na mahali kabureta zilipokaa. Kwenye kichwa cha injini hii, kabureta na manifoldi ya eksozi ziko upande mmoja, kabureta juu, moto chini. Ukizima, feni inasimama, joto linapanda, petroli inachemka ndani ya vikombe vya kabureta. Huku juu inachemka mapema zaidi kuliko pwani. Hakikisha lile bati la kukinga joto bado lipo na vipande vizito vya kuhami kati ya kabureta na manifoldi havijabadilishwa kwa gasketi nyembamba. Ukiwasha gari likiwa na joto, kanyaga pedali ya mafuta nusu uishikilie hapohapo, kisha piga stata mpaka liwake. Usipigepige pedali. Kabureta hizi hazina pampu ya kurushia mafuta, kwa hiyo kupigapiga kunakuchosha mguu tu.

Presha ya oili isikunyime usingizi bado. Sindano ile inaendeshwa na senza ya umeme iliyo karibu na filta ya oili, na senza za zamani ni waongo wakubwa. Nunua au azima geji ya kupimia ya mkono, ifungwe palepale pa senza, injini ikiwa na moto wa kutosha. Kanuni ya mafundi ni paundi 10 kwa kila mizunguko 1,000. Kwa hiyo likiwa silensa, mguu haupo kwenye pedali, paundi 10 hadi 15 zinatosha, na mizunguko 3,000 ikupe 30 au zaidi. Ikipata hapo, badilisha senza uendelee na maisha. Mimina oili ya 20W-50 nzuri. Nyembamba ya magari ya leo haikutengenezewa injini hii.

Huyo aliyepima injini akasema imechoka, muulize alilinganisha na namba gani. Kipimo cha kompreshani, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya silinda, kinasoma chini Nairobi kwa sababu hiyohiyo ya hewa, na namba ya kitabu ni ya usawa wa bahari. Kinachosema ukweli ni tofauti kati ya silinda na silinda. Zote sita zikikaribiana, hata zikiwa chini ya kitabu, injini ni nzima. Moja ikiwa mbali na wenzake, tia oili kijiko kimoja kwenye tundu la plagi upime tena: ikipanda, ringi zimeliwa, isipopanda, tafuta vavu. Na kabla ya kuhukumu vavu, zipimwe nafasi zake, injini ikiwa moto, milimita 0.25 za kuingiza na 0.30 za kutoa. Gari lililowashwa tu bila kutembea kwa miaka hupata vavu za uvivu. Mara nyingi kilomita 500 za barabarani huzinyoosha.

Injini ya Toyota hapana. Nasema hivyo nikijua ni gari lako. Soma namba ya chasisi iliyogongwa kwenye ukuta wa kati ya injini na dashibodi. Ikianza na HS30, una gari lililotoka kiwandani na usukani wa kulia kwa ajili ya nchi kama zetu, wakati nyingi mno zilikwenda Marekani na usukani wa kushoto. Linganisha na namba ya injini iliyogongwa kwenye bloku, na kibati kilicho chini ya boneti, na logbook. Zikikubaliana zote, umeshika kitu ambacho ukikitoa injini yake utakuwa umejipunguzia mali kwa mkono wako. Huwezi hata kuagiza kingine kwa urahisi, maana Kenya inataka magari yanayoingizwa yasizidi umri wa miaka 8. Spea zenyewe si shida kubwa. Ukoo wa injini za L ulienea kwenye Datsun nyingi, na wazee wa Kirinyaga Road bado wanavijua vipande vyake kwa kuvishika tu. Ukiagiza Marekani, kumbuka vitu vinavyofuata upande wa usukani, kama dashibodi na waipa, havitaingia.

Kuhusu petroli, mwambie huyo fundi wa pili alale. Afrika kusini mwa Sahara iliachana na petroli yenye risasi mwanzoni mwa 2006. Kichwa cha L24 ni cha aluminiamu, viti vya vavu vimepachikwa vya madini magumu. Kama ingekufa kwa hilo, ingekuwa imekwisha kufa.

Sasa rangi.

Umeniambia gari limekaa Mombasa miaka, uani, chini ya mkungu, na halina kutu. Mwanangu, mimi nimekaa pwani. Huko hata vitasa vya milango vina kutu. Sikatai kwamba inawezekana, lakini rangi mpya juu ya gari la mauzo inatupasa kuuliza nini kiko chini yake. 240Z haina fremu ya chuma iliyo peke yake kama pikapu. Sakafu, mbavu mbili ndefu zilizochomelewa chini yake, na kingo za chini za milango ndizo chasisi yenyewe. Zikioza, rangi haizishikilii.

Chukua sumaku ya friji, ifunge kwenye kitambaa laini, uitembeze polepole kwenye pembe za chini: nyuma ya magurudumu ya mbele, pale kati ya mlango na gurudumu la nyuma, ukingo wa mlango wa mizigo. Isiposhika, hapo kuna puti. Kisha vua mazulia yote, yote kabisa, na ile lami ya kuzuia kelele, utazame sakafu kwa macho yako. Inua tairi la akiba utazame shimo lake. Toa betri na sinia lake. Maji ya betri hudondoka miaka na miaka yakala bati la chini yake, yakateremka mpaka kwenye ubavu wa chasisi, na huko juu usione kitu. Halafu gari liinuliwe, uingie chini na bisibisi butu. Gonga, usidunge. Bati zima linalia kama sufuria, lililooza linajibu kama boksi la karatasi. Ukikuta chini kumepakwa lami nyeusi mpya, nene, yenye kung'aa, gonga kwa bidii zaidi.

Na huo mkungu. Majani yake mapana huanguka, yakaoza, yakaingia kwenye mifereji ya chini ya kioo cha mbele, yakaziba matundu ya kutolea maji. Maji yakikosa njia ya kutoka yanakaa kwenye bati, na baadaye unayakuta kwenye sakafu ya miguu ya abiria. Ng'oa ile grili ya chini ya waipa, chomoa taka zote kwa mkono, mimina kikombe cha maji, utazame kama yanatoka chini kwa haraka. Fanya vivyo hivyo kwa matundu ya chini ya milango. Kazi hii haina gharama, na kwa maoni yangu ina thamani kuliko ringi mpya za pistoni.

Ukikuta kutu, usipaniki na usikubali kibandiko. Anayetaka kuweka bati juu ya bati bovu mwambie asante. Kinachotakiwa ni kukata mpaka kwenye chuma kizima na kuchomelea bati jipya, na gari liwe limeegemezwa vizuri lisijikunje likikatwa. Hiyo ndiyo pesa kubwa ya gari hili. Injini nzima ya L24 huweza kufumuliwa na kufungwa tena na fundi mzuri ndani ya wiki chache; sakafu na mbavu ni miezi, na mafundi wa bati wanaoijua kazi hiyo ni wachache kuliko mafundi injini. Kwa hiyo akiba uliyotaka kuipeleka kwa injini ya Toyota iache benki mpaka umemaliza kugonga.

Kuna mambo ambayo hukuyauliza na yananitisha kuliko presha ya oili. Breki: mbele una diski, nyuma madramu, na katikati kuna hosi za mpira ambazo huenda ni za zamani kuliko wewe. Zikivimba ndani, oili ya breki inakwenda lakini hairudi, na gurudumu linabaki limeshikwa. Badilisha hosi zote, za breki na ya klachi, na utoe oili yote ya breki uweke mpya. Ile ya zamani imekunywa maji kwa miaka, na maji hayo yatachemka ukishuka Mai Mahiu. Tairi: usitazame meno yake, tazama tarehe. Ubavuni kuna tarakimu nne. 1109 maana yake ni wiki ya 11 ya mwaka 2009, na tairi la umri huo linaweza kupasuka likiwa na meno kama jipya. Tangi la mafuta nalo limekaa nusu tupu pwani, kwa hiyo lina kutu ndani. Funga filta ya plastiki inayoonyesha ndani kabla ya pampu. Ikijaa vumbi jekundu ndani ya wiki moja, tangi lishushwe lioshwe.

Vyote hivyo usivifanye Jumamosi moja. Mimi niliwahi kununua MGB, na kwa uchu wa ujana nikabadilisha pointi, kondensa, plagi, waya za plagi na mipira ya kabureta siku moja. Jioni gari likawa linamisi. Nilihangaika miezi miwili, nikafungua kabureta mara nne, kumbe ilikuwa ile kondensa mpya kutoka kwenye boksi, mbovu tangu kiwandani. Ile ya zamani niliyoitupa ilikuwa nzima. Tangu hapo nabadilisha kitu kimoja, naendesha, naandika kwenye daftari, na kilichotolewa nakihifadhi mpaka kipya kimenidhihirishia. Kwa gari lako ningeanza na breki na tairi, nikafuata hosi za petroli na moshi, umeme, halafu bodi. Kurekebisha kabureta kuwe katikati ya hayo, siku ambazo huna pesa.

Bima usilipie ya mtu wa tatu tu halafu ukatulia. Tafuta mthamini, upate thamani iliyoandikwa na kukubaliwa na kampuni, pamoja na picha. Bila hivyo, likipata ajali utalipwa kama Datsun kuukuu.

Desemba. Kama breki, tairi, hosi na taa zimekamilika na sakafu imejibu vizuri ulipoigonga, nenda. Weka kifuniko kipya cha redieta kwanza, kwa sababu maji yasiyobanwa huchemka Nairobi kwenye kama nyuzi 94, na hicho kifuniko ndicho kinachoyabana. Ondokeni alfajiri, kabla malori hayajakuwa mengi na kabla jua la Tsavo halijawa kali.

Mkifika Mtito Andei mmekwenda kama nusu ya safari na mmeteremka sana. Simama, fungua boneti, mnywe chai. Usiguse plagi injini ikiwa moto. Kichwa cha aluminiamu kinang'oka meno. Kikipoa, teremsha nati za kabureta nusu ya zile pembe ulizoziandika kwenye daftari, kwa sababu hewa imekuwa nzito na mchanganyiko uliofaa Nairobi sasa ni mwepesi mno, nao huchoma vavu. Toa plagi moja tu, ya silinda ya 1, uitazame. Ikiwa na rangi ya kahawa ya maziwa, endeleeni. Pembe zilizobaki utazirudisha ukifika nyumbani, na bisibisi butu uwe nayo, maana wajomba zako watataka kugonga wenyewe.